Umeme wa bakteria: Samadi ipo Wasso, hesabu bado haijakaa

Na Mwandishi Wetu

MALI iliyolala bure katika maboma ya Wasso na Loliondo haina mnada wala bei ya kutangazwa. Ni samadi. Kila asubuhi ng'ombe wakitoka kwenda malishoni huacha lundo jingine juu ya lile la jana, na ni nadra kumkuta mwenye ng'ombe anayeliingiza lundo hilo katika hesabu zake za mwaka. Sasa iko sayansi inayosema kuwa ndani ya lundo hilo mna umeme, na kwamba wa kuutoa ni bakteria wenyewe, bila moto, bila jenereta na bila tone la dizeli.

Kwa mji kama Wasso, habari hiyo si ya kupuuzwa. Tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa na ikawashwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO. Dizeli hiyo, kama ilivyo kwa sukari, saruji na mabati, husafirishwa kutoka Arusha kupitia Mto wa Mbu, Engaruka na Sale, safari ambayo kila mwenye duka anaijua kwa maumivu ya nauli. Kipande cha Waso hadi Sale, chenye kilomita 49, kilipowekwa kwenye mpango wa lami, wengi walishusha pumzi. Hata hivyo, nishati imebaki kuwa moja ya gharama zinazomnyima usingizi mfanyabiashara mdogo wa huku.

Ndiyo maana mtu akija na ndoo ya samadi, nyaya mbili na taa ndogo inayowaka, atapata wasikilizaji. Swali la ukurasa huu ni moja: je, hiyo ni biashara ya kutia mtaji?

Jibu kwa kifupi ni kwamba sayansi yenyewe ni ya kweli na haina mazingaombwe. Lakini kwa mwenye duka, kwa leo, hesabu inamkataa. Fedha iko kwa ndugu yake mkubwa, yaani bayogesi, na pengine katika vyoo vya shule na hospitali. Tuifuate hesabu hiyo hatua kwa hatua.

BAKTERIA WANATOAJE UMEME

Kiumbe chochote kinapokula, chakula huvunjwavunjwa ndani ya mwili na chembe ndogo mno ziitwazo elektroni huachiliwa. Sisi wanadamu huzikabidhi elektroni hizo kwa oksijeni tunayovuta, na ndiyo sababu mtu akikosa hewa hufa hata kama ameshiba. Bakteria wengi wanaoishi katika matope, katika mashimo ya vyoo na katika tumbo la ng'ombe hawaipati oksijeni. Hao hulazimika kutafuta mahali pengine pa kuutua mzigo wao.

Wako wanaoutua kwenye madini ya chuma yaliyomo udongoni. Mmoja wao anayefahamika sana, Geobacter, alipatikana mwaka 1987 katika matope ya mto Potomac nchini Marekani, kazi iliyofanywa na mtaalamu Derek Lovley. Sasa ukimnyima bakteria huyo madini yake na badala yake ukamwekea kipande cha grafiti, yaani jamii ile ile ya kaboni iliyomo katika penseli, atautua mzigo wake juu ya grafiti hiyo. Unganisha grafiti kwa waya hadi kipande kingine kilicho juu, penye hewa, na elektroni zitapita katika waya kwenda kukutana na oksijeni. Elektroni zinazopita katika waya ndio umeme wenyewe.

Chombo hicho wataalamu hukiita seli ya fueli ya bakteria. Kipande cha chini kisicho na hewa huitwa anodi, na cha juu chenye hewa huitwa kathodi. Tofauti yake na betri ya redio ni kwamba betri ya redio ikiisha hutupwa, ilhali hii huendelea kufanya kazi kadiri unavyowalisha wafanyakazi wake. Chakula chao ni samadi, mkojo, maji machafu ya machinjio au mabaki ya pombe ya kienyeji. Hawachagui.

Jambo hili si geni. Mwaka 1911 M. C. Potter, profesa wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alionyesha kuwa hamira na bakteria wanaweza kutoa mkondo mdogo wa umeme. Mwaka 1931 Mmarekani Barnett Cohen aliunganisha seli nyingi za namna hiyo na kupata zaidi ya volti 35. Kisha mambo yakapoa kwa miaka mingi, kwa kuwa seli za zamani zilihitaji kemikali za kubeba elektroni, nyingine zikiwa sumu. Ni mwaka 1999 ambapo watafiti wa Korea Kusini, wakiongozwa na Byung Hong Kim, walionyesha kuwa bakteria wa aina fulani hawazihitaji kemikali hizo kabisa. Kuanzia hapo vyuo vingi duniani viliingia katika mbio hizi.

NDOO ZA LEGURUKI

Msomaji wa mkoa wa Arusha huenda hajui kuwa mkoa wake una ukurasa katika historia hiyo. Mwaka 2008 kikundi cha wanafunzi na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani, baadhi yao wakiwa Waafrika, kilikuja kufanya majaribio Leguruki, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kikundi hicho kilijiita Lebône Solutions, jina lililotoka katika Kisotho lenye maana ya taa.

Vifaa vyao havikuwa vya ajabu: ndoo, samadi iliyochanganywa na maji, kitambaa cha grafiti, na waya wa shaba wa kupeleka umeme kwenye kifaa kidogo cha kuudhibiti. Familia 6 zilitumia betri hizo kuwasha taa ndogo kwa saa 3 kila usiku. Mwaka huo huo kikundi kilishinda tuzo ya Dola 200,000 za Marekani kupitia mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia, na macho yakaelekezwa Namibia kwa hatua iliyofuata.

Kwa wapenda habari za teknolojia, Leguruki ilikuwa ushindi. Kwa msomaji wa ukurasa wa masoko, kilichofuata ndicho chenye fundisho. Ndoo hizo hazikuwahi kuwa bidhaa ya kawaida katika maduka ya Arusha. Miaka michache baadaye, mwaka 2012, katika mkoa huo huo wa Arusha, kampuni ya Off Grid Electric ilianza kuwauzia wateja umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu, na wawekezaji wa nje wakaimwagia mamilioni ya dola. Mteja aliyelengwa alikuwa yule yule, wa kijijini asiye na umeme, na hitaji lake lilikuwa lile lile la taa na chaji ya simu. Soko likachagua paneli.

Kwa nini? Sababu kubwa iko katika kipimo ambacho wauzaji wengi wa maajabu hukificha.

VOLTI SI WATI

Mtu akikuonyesha mita inayosoma volti, bado hajakuonyesha umeme wa kukufaa. Volti ni msukumo tu. Chukua bomba la maji lililotoka kwenye tangi lililo juu ya kilima: msukumo ni mkubwa, lakini kama bomba lenyewe ni jembamba kama bua, ndoo moja itajaa baada ya siku nzima. Kinachokuwashia taa ni wati, yaani volti zikizidishwa kwa mkondo unaopita.

Rudi kwa Bwana Cohen wa mwaka 1931. Volti 35 zinatosha kumtia mtu woga. Lakini mkondo wake ulikuwa miliampia 2 tu. Zidisha, utapata wati 0.07. Taa ya kawaida ya wati 5 ingehitaji mitambo kama hiyo zaidi ya 70.

Tangu wakati huo sayansi imepiga hatua, lakini ukuta haujavunjika. Seli moja ya bakteria, hata iwe kubwa kama pipa, haitoi zaidi ya volti 0.8 hivi ikiwa haijaunganishwa na kitu, na ikipewa kazi hushuka hadi nusu ya hapo au chini zaidi. Ukubwa wa chombo hausaidii kama mtu anavyodhani, maana kazi hufanyika juu ya uso wa grafiti walikoshikamana bakteria. Samadi iliyo mbali na uso huo inakaa bure tu.

Mwenye akili ya biashara atasema: basi tuziunganishe ndoo nyingi kwa mfuatano, kama betri za tochi. Hapo nako kuna mtego. Ndoo moja ikipungukiwa na chakula au ikipoa, zile zenye nguvu huisukuma igeuke, na badala ya kuongeza umeme inaanza kuula. Msururu mzima hudhoofika kwa sababu ya mmoja. Kuzuia hilo kunahitaji vifaa vya elektroniki vya kuudhibiti kila mnyororo, na vifaa hivyo ni gharama ambayo samadi ya bure haiifuti.

HESABU YA DUKA

Tuchukue duka la mfano pale Wasso. Lina taa 3 za wati 5, zinazowaka saa 5 kila jioni. Hiyo ni wati-saa 75. Mwenye duka anachaji simu 20 za wateja kwa siku, kila moja ikila wati-saa 10, jumla 200. Ana friji ndogo ya soda inayokula wati-saa 1,000 kwa siku. Jumla kuu ni wati-saa 1,275, yaani uniti 1 na robo hivi kwa siku, au uniti 38 kwa mwezi.

Kwa bei ya Shilingi 292 kwa uniti, ambayo EWURA iliiweka kwa watumiaji wa kawaida wa biashara katika agizo la mwaka 2016, umeme huo una thamani ya Shilingi 11,169 kwa mwezi kabla ya kodi. Kwa mwaka ni Shilingi 134,028. Msomaji ashike tarakimu hiyo, kwani ndiyo ambayo mtambo wowote mpya unapaswa kuishinda, na anaweza kuibadili kwa bei anayolipa yeye.

Sasa tuilete ndoo. Tuipe upendeleo, tuseme ndoo moja ya lita 20 iliyotengenezwa kwa mikono inatoa miliwati 10 mfululizo, usiku na mchana, bila kuchoka. Kwa saa 24 itatoa wati-saa 0.24. Kuliendesha duka letu zitahitajika ndoo 5,313. Hizo ni zaidi ya lita laki moja za samadi na maji. Duka lenyewe halitaonekana.

Tuseme pia kuwa ndoo, kitambaa cha grafiti na nyaya vimepatikana kwa Shilingi 5,000 tu kwa kila ndoo, bei ambayo fundi yeyote ataicheka. Mtaji unakuwa Shilingi milioni 26.5. Ukiugawa kwa zile Shilingi 134,028 za mwaka, mtaji utarudi baada ya miaka 198. Wajukuu wa vitukuu ndio watakaoanza kula faida.

Ondoa friji na simu, bakiza taa pekee. Bado ndoo 313 zinahitajika, kwa mtaji wa Shilingi milioni 1.5 na ushei. Paneli moja ya jua ya wati 50, ikipata saa 5 za jua zuri na hata ikipoteza theluthi moja njiani, inatoa mara mbili ya mahitaji ya taa hizo. Duka lote, friji ikiwamo, litatosheka na paneli za wati 400 hivi pamoja na betri zake.

Ndoo inabaki na sifa moja ambayo paneli haina: inafanya kazi usiku na wakati wa mawingu. Ni sifa ya kweli, na kuna wanaoilipia. Jeshi la Wanamaji la Marekani, kwa mfano, liliripoti mwaka 2008 kuwa limeliendesha boya la kupimia hali ya hewa katika mto Potomac kwa umeme wa bakteria wa matopeni. Kwao, kumtuma mtu kwa boti kwenda kubadilisha betri ni ghali kuliko betri yenyewe. Mwenye duka wa Wasso hana tatizo hilo. Betri yake iko nyuma ya kaunta.

NDUGU MKUBWA: BAYOGESI

Samadi hiyo hiyo ina njia nyingine ya kutoa umeme, na wengi huzichanganya njia hizo mbili. Katika bayogesi, bakteria hawatoi umeme. Wanatoa gesi inayowaka, na gesi hiyo ndiyo hupikiwa au hutiwa katika injini ya kuzungusha jenereta. Ni njia ndefu zaidi, lakini kwa uzito ule ule wa samadi inaleta mara nyingi zaidi.

Chukua ng'ombe 10 wanaolala nyumbani. Kila mmoja akiacha kilo 5 za samadi kwa usiku, ni kilo 50. Kilo hizo, zikichanganywa na lita 50 za maji na kupewa muda, zinaweza kutoa gesi mita za ujazo 2 kwa siku. Katika jenereta ndogo, kila mita ya ujazo hutoa uniti 1 na nusu hivi. Tumepata uniti 3, zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya duka letu, kutoka kwenye shimo moja la mita za ujazo chache lililojengwa kwa matofali na saruji.

Tanzania si mgeni katika jambo hili. CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, imekuwa ikijenga mitambo ya bayogesi tangu miaka ya 1980. Mwaka 2009 ulianza mpango wa taifa wa bayogesi ya majumbani chini ya kituo hicho, na mitambo zaidi ya 10,000 ikajengwa nchini. Mingi kati ya hiyo ni ya kupikia, na hapo ndipo faida ilipo kwa familia, kwani gesi inayopikiwa moja kwa moja haipotezi nguvu zake katika injini.

Kwa upande wa umeme, mfano unaotajwa zaidi ni wa Hale, mkoani Tanga. Pale kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kilowati 150 unaotumia mabaki ya mkonge, kwa msaada wa shirika la UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, na ukaanza kazi mwaka 2007. Ikumbukwe kuwa katika mkonge nyuzi zinazouzwa ni kama asilimia 2 tu ya mmea. Asilimia 98 zilikuwa zikitupwa. Kenya nako, shamba la Gorge Farm huko Naivasha lina kituo cha megawati 2.2 kinacholishwa mabaki ya mazao. Mashamba yote mawili yana kitu kimoja ambacho mfugaji mmoja mmoja hana: taka nyingi, zinazotoka mahali pamoja, kila siku ya mwaka.

Hapo ndipo Wasso inapopata kikwazo chake. Ng'ombe wa Kimasai hakai. Wakati wa kiangazi vijana huondoka na mifugo kufuata majani na maji, na nyumbani hubaki ng'ombe wachache wa maziwa. Mtambo unaokula kilo 50 kwa siku hauwezi kuambiwa usubiri mvua. Pili ni maji: lita 50 kwa siku ni mzigo wa punda, na wakati wa kiangazi maji hayo yana wengine wanaoyagombea. Tatu ni baridi ya usiku ya nyanda za Loliondo. Bakteria wa gesi hupenda joto la nyuzi 35. Zikishuka chini ya 15 hulegea mno, na ndiyo sababu mtambo huzikwa ardhini. Na anayetaka umeme, siyo gesi ya kupikia tu, lazima aweke chujio la vipande vya chuma la kuondoa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, la sivyo injini italiwa na kutu kabla deni lake halijaisha.

Kwa hiyo bayogesi ya umeme Wasso inamfaa mwenye machinjio, bweni la shule, hospitali, au mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayewafungia zizini. Kwa mwenye boma linalohama, samadi kavu inayopelekwa kwa wakulima, kama wale wa mifereji ya Batemi huko Digodigo na Samunge au wa vitunguu vya Mang'ola wilayani Karatu, huenda ikawa biashara ya haraka kuliko mtambo wowote, mradi nauli ya lori ihesabiwe kwanza.

CHOO CHA KISORO

Je, betri ya bakteria basi ni kitu cha kutupa? La. Iko sehemu moja ambapo hesabu yake inaanza kunyooka, nayo ni mahali ambapo taka yenyewe ni tatizo linalogharimu fedha, na umeme ni nyongeza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha West of England kilichoko Bristol, chini ya Profesa Ioannis Ieropoulos, walichagua mkojo badala ya samadi. Mkojo hauna makapi ya kuziba mabomba, hupatikana kila siku, na hakuna anayeugombea. Mwaka 2015 walionyesha choo cha namna hiyo katika tamasha la Glastonbury, Uingereza, taa zikiwaka kwa mkojo wa wahudhuriaji. Mwaka 2017, kwa fedha za Mfuko wa Bill na Melinda Gates, mtambo wao ulifungwa katika shule ya wasichana ya Seseme huko Kisoro, magharibi mwa Uganda, kuwasha taa za vyoo usiku.

Tazama tofauti na duka letu. Shule ya bweni ina mamia ya watu wanaoleta malighafi kwa miguu yao wenyewe, bila lori. Hitaji la umeme ni dogo sana, wati chache za taa ya choo. Thamani ya taa hiyo ni kubwa kuliko bei ya uniti, maana msichana anayeogopa giza la choo ni hasara isiyoandikwa kwenye bili ya TANESCO. Juu ya hayo, bakteria wanapokula wanapunguza uchafu wa maji yanayotoka, kazi ambayo kwingineko hulipiwa.

Kisoro ni nyanda za juu zenye baridi kama Loliondo. Wasso ina shule, na ina hospitali ya wilaya iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki, inayohudumia eneo kubwa. Siku teknolojia hii itakapokuja Wasso kwa njia ya halali, mlango itakaobisha ni wa taasisi za aina hiyo. Mlipaji atakuwa bajeti ya maji taka, na mwenye duka atanufaika kwa kuuza mabomba, saruji, nyaya na kazi ya mafundi.

MWENYE FEDHA AFANYE NINI

Mji wenye kiu ya umeme huwavuta wenye maneno matamu. Waliopoteza akiba zao katika DECI mwaka 2009 hawahitaji kukumbushwa jinsi wazo zuri linavyoweza kuzungushiwa risiti. Umeme wa bakteria una hatari zaidi kwa sababu hauna uongo ndani yake: taa ya maonyesho itawaka kweli, mbele ya macho yako. Uongo unaweza kuwa katika safari ya kutoka taa moja hadi duka zima.

Kabla ya kuweka saini au kutoa amana, mwekezaji mdogo aulize haya. Kwanza, mtambo unatoa wati ngapi ukiwa umeunganishwa na taa, siyo volti ngapi ukiwa mtupu. Pili, umefanya kazi miezi mingapi mfululizo, na wapi ambapo mtu anaweza kwenda kuuona. Tatu, nani ataulisha, kwa samadi ipi na maji yapi, hasa mwezi wa Septemba ng'ombe wakiwa mbali. Nne, bei ya kila wati moja ni shilingi ngapi ukilinganisha na paneli ya jua inayouzwa dukani leo. Tano, grafiti ikichakaa, ya pili inatoka wapi na kwa bei gani.

Muuzaji anayejibu yote matano kwa tarakimu anastahili kikombe cha chai. Anayejibu kwa volti na picha za Ulaya, aendelee na safari yake. Na kwa yeyote anayesita, CAMARTEC na SIDO wana ofisi Arusha, kuuliza hakulipiwi.

Kwa mwenye mtaji mdogo wa Wasso, mpangilio unaoonyeshwa na hesabu uko wazi. Kwa taa na simu, paneli ya jua. Kwa jiko la familia yenye ng'ombe wasiohama, bayogesi. Kwa lundo la boma linalohama, mkulima mnunuzi wa mbolea. Ndoo ya bakteria iachiwe vyuo na vyoo vya shule kwa sasa, na siku wati zake zitakapopanda, zipimwe tena kwa mizani hii hii ya Shilingi 134,028 kwa mwaka.